Jina Lake Mwenyewe: Kura ya Mwanamke wa Lubudi

Mei 1960, Kongo ilipochagua wabunge wake wa kwanza, Lubudi ulikuwa mji wa saruji na reli. Kiwanda cha Ciments du Katanga kilisaga mawe, na magari moshi ya kampani ya BCK yalipita hapo yakitoka Tenke kuelekea Kamina. Watu wa kiwandani, watu wa reli na wakulima wa vijiji vya jirani waliitwa kupiga kura, mradi wawe wanaume waliotimiza miaka 21. Wanawake hawakuitwa. Sheria ya uchaguzi ya tarehe 23 Machi 1960, iliyotungwa Brussels, ilimtambua mpiga kura mwanamume tu. Mama aliyezaa na kulea wapiga kura watano hakuwa na haki aliyokuwa nayo kitinda mimba wake.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni mwaka huohuo, na Baraza la Wawakilishi lenye viti 137 lilikuwa limechaguliwa na nusu tu ya watu wazima wa nchi. Vitabu vingi vya historia ya Kongo hulipita jambo hilo upesi, kwa sababu yaliyofuata yalikuwa mazito mno: maasi ya jeshi, kujitenga kwa Katanga, kuuawa kwa waziri mkuu Patrice Lumumba. Lakini anayetaka kuelewa kura ina uzito gani mkononi mwa mwanamke wa Lubudi wa leo hana budi kuanzia hapo, kwenye daftari la wapiga kura ambamo jina lake halikuandikwa. Tena hana budi kurudi nyuma zaidi, maana kufungiwa huko hakukuwa desturi ya nchi.

Katika eneo ambalo sasa ni mkoa wa Lualaba, kwenye wilaya ya Kapanga, ndiko iliko Musumba, makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda. Masimulizi ya Walunda yanamtaja Ruwej, mwanamke aliyerithi bangili ya utawala kutoka kwa baba yake, kuwa ndiye shina la ufalme. Na wasafiri wa Ulaya waliofika Musumba katika karne ya 19 hawakumkuta mfalme peke yake. Walimkuta pia Rukonkesh, mwanamke mwenye baraza lake, vijiji vyake na ushuru wake, ambaye sauti yake ilihesabiwa katika kumteua mfalme mpya. Wanawake wa kawaida hawakuwa na enzi hiyo, wala haifai kupamba. Huko Bunkeya, ndani ya wilaya ya Lubudi ya sasa, Msiri, mfalme wa Wayeke, aliuza watumwa kwa wingi hadi alipopigwa risasi na watu wa msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa na mfalme wa Ubelgiji, mnamo Desemba 1891, na wanawake walikuwa miongoni mwa waliouzwa. Hata hivyo wazo la mwanamke kukaa penye maamuzi lilijulikana. Waliolifuta ni wengine.

Bula Matari, yaani serikali ya Wabelgiji, alipokuja alitafuta wanaume: chifu wa kuvishwa medali, karani, kapita wa kusimamia kazi, mchimbaji. Mwanamke aliingia kwenye vitabu vyake kwa milango miwili.

Mlango wa kwanza ulikuwa kazi ya mume. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1920, kampani ya Union Minière iliamua kuwa mfanyakazi anayeishi na mke na watoto hufanya kazi miaka mingi na hatoroki. Basi wanawake wakaletwa kambini. Posho ya mke ilitolewa kwa sababu mume yupo kazini. Mume akiacha kazi au akifa, posho na nyumba vilikwenda. Kambi za shaba ziliwekewa foyer, nyumba ambamo masista na wake wa Wazungu waliwafundisha akina mama kushona, kupiga pasi, kupima uzito wa mtoto na kupika kwa usafi. Wanawake wengi walipenda masomo hayo na waliyatumia maisha yao yote. Lakini hakuna foyer iliyofundisha namna serikali inavyoendeshwa.

Mlango wa pili ulikuwa kodi. Katika miji ya Kongo ya Wabelgiji, mwanamke aliyeishi bila mume aliandikwa katika kundi lake maalumu, akatozwa kodi kwa jina lake mwenyewe. Karani alijua kuliandika jina la mwanamke pale fedha zilipotakiwa. Serikali iliyoweza kumtafuta nyumba kwa nyumba ili alipe haikumwona ilipofika zamu ya kusema nani atawale. Katika mambo yote ya ukoloni yaliyowahusu wanawake wa mijini, hili ni mojawapo ya machungu zaidi, na halisemwi vya kutosha.

Kura ya kwanza ilipigwa Desemba 1957, katika Léopoldville, Elisabethville na Jadotville, miji ambayo leo ni Kinshasa, Lubumbashi na Likasi. Amri ya 26 Machi 1957 juu ya utawala wa miji iliwaruhusu wanaume wa miaka 25 na zaidi kuchagua madiwani wa komuni zao. Lubudi haukuwa miongoni mwa miji hiyo, lakini matokeo ya Elisabethville yaliufikia. Wengi wa mabagamesta wa Kiafrika, yaani wakuu wa komuni, waliopatikana hawakuwa wazaliwa wa Katanga. Walikuwa watu waliofika kwa treni kufanya kazi, hasa kutoka Kasai. Wenyeji wakaingiwa na hofu, na mnamo Oktoba 1958 kikaundwa chama cha CONAKAT. Moïse Tshombe, mtoto wa Musumba, akawa kiongozi wake, na kando yake alikuwapo Godefroid Munongo, mzaliwa wa Bunkeya na mjukuu wa Msiri. Tangu siku hizo, kura ya Katanga ikawa ni hesabu ya nani mwenyeji na nani mgeni. Wanaume walihesabiana. Wanawake, ambao katika kambi za shaba walikuwa wameolewa huku na huku na walikuwa wakizungumza Kiswahili kimoja kisimani, hawakuulizwa.

Je, Ubelgiji haikujua kuwa mwanamke anaweza kupiga kura? Ilijua. Wanawake wa Ubelgiji walipewa kura ya serikali za mitaa mwaka 1920, na sheria ya 1948 ikawapa kura ya bunge, wakaipiga kwa mara ya kwanza Juni 1949. Ng'ambo ya mto, mkabala na Léopoldville, wanawake wa Brazzaville walikuwa wapiga kura kamili tangu Ufaransa ilipopitisha sheria ya haki ya kura kwa wote katika makoloni yake mwaka 1956. Mwanamke aliyevuka mto kwa mtumbwi kwenda kuuza mihogo aliweza kuona upande wa pili haki ambayo kwake haikuwapo.

Na kuna jambo la kuuma zaidi. Mwaka 1961, mwaka mmoja tu baada ya uchaguzi wa Kongo, wanawake wa Rwanda na Burundi walipiga kura za kuelekea uhuru, nchi hizo zikiwa bado chini ya Ubelgiji ileile. Tofauti ilikuwa moja. Rwanda na Burundi zilikuwa maeneo ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Umoja huo ulidai uchaguzi wa watu wazima wote, tena ukatuma waangalizi wake. Palipokuwa na mtu wa kuuliza, mwanamke aliandikwa. Kongo haikuwa na wa kuuliza.

Hata hivyo wanawake hawakukaa kimya. Mwaka 1960 Andrée Blouin, mzaliwa wa Ubangi-Shari, alizunguka Kwango na Kwilu akiwakusanya wanawake katika umoja wao wakati wa kampeni, akifanya siasa pamoja na watu ambao kisheria hawangeweza kumpigia mtu yeyote kura. Baadaye akawa mkuu wa itifaki wa Patrice Lumumba. Na Lumumba alipouawa katika ardhi ya Katanga tarehe 17 Januari 1961, mjane wake Pauline Opango aliwaongoza waombolezaji katika mitaa ya Léopoldville, kifua wazi, kwa desturi ya mjane aliyefiwa, akitaka apewe mwili wa mumewe. Hakuwa mpiga kura. Picha za siku ile zimebaki kuwa tamko la kisiasa ambalo dunia nzima ililiona.

Katanga ya kujitenga ilidumu hadi Januari 1963. Katika mabaki yake ukazaliwa mkoa wa kwanza ulioitwa Lualaba, ukaishi miaka mitatu hivi, ukafutwa 1966. Ulikuwa na rais wake, mawaziri wake na baraza lake, na hakuna mwanamke aliyeuchagua.

Haki yenyewe ilikuja 1967, na ilikuja kutoka juu. Mobutu Sese Seko, ambaye wakati huo bado aliitwa Joseph-Désiré, alikuwa ametwaa madaraka Novemba 1965. Oktoba 1966 alimteua Sophie Kanza kuwa waziri wa mambo ya jamii, mwanamke wa kwanza katika serikali ya Kongo; miaka miwili kabla yake Kanza alikuwa amehitimu Chuo Kikuu cha Lovanium, Mkongo wa kwanza mwanamke kupata shahada ya chuo kikuu. Kisha, kati ya tarehe 4 na 16 Juni 1967, wananchi wakaitwa kuipigia kura katiba mpya. Safari hii wanawake waliitwa pia.

Mwaka uleule, Union Minière ilitaifishwa na migodi ikaingia mikononi mwa kampani ya serikali, Gécomin, ambayo baadaye iliitwa Gécamines. Kwa mwanamke wa ukanda wa shaba mambo hayo mawili yalifika karibu pamoja: kampani iliyokuwa ikipima posho yake ikabadili mwenyewe, na yeye akapata kura. Ungedhani ni mapambazuko. Lakini mwezi kabla ya kura ile, Mei 1967, ulikuwa umezaliwa MPR, chama ambacho baada ya muda mfupi kingekuwa chama pekee, na baadaye kila Mzaire, kama Mkongo alivyokuja kuitwa, angehesabiwa kuwa mwanachama wake tangu kuzaliwa.

Uchaguzi wa rais wa mwaka 1970 unaeleza hali hiyo vizuri kuliko hotuba yoyote. Mgombea alikuwa mmoja. Mpiga kura alichagua baina ya kadi mbili: ya kijani, iliyotangazwa kuwa ni ya matumaini, na nyekundu, iliyotangazwa kuwa ni ya vurugu. Rangi inaonekana kwa mbali. Mwanamke aliyefika kwenye meza kwa mara ya kwanza maishani mwake kumchagua rais wa nchi aliikuta rangi ya kijani ikimngoja, na nyekundu ikiwa pale kama mtego. Hesabu rasmi ilisema kura za ndiyo zilikuwa 10,131,669. Za hapana, nchi nzima, 157.

Mtu mmoja kati ya hao 157 angeweza kuwa mama wa Katanga aliyechukua kadi nyekundu akiwa anatetemeka. Hakuna daftari litakalomtaja.

Mwaka huohuo wanawake wa kwanza waliingia bungeni, kupitia orodha moja ya chama. Miaka mitano baadaye hata karatasi za kura zilionekana hazina haja: wabunge wa 1975 walipitishwa hadharani kwa shangwe na makofi. Katika miaka hiyo mwanamke alitakiwa kuonekana mno na kusikika kwa wimbo tu. Vikundi vya hamasa viliundwa katika kampani na ofisi. Wafanyakazi na wake zao walifunga vitenge vyenye picha ya rais, wakacheza uwanjani na kwenye uwanja wa ndege kila mgeni alipotua. Mwanamke alikatazwa suruali na wigi kwa jina la uhalisi wa Kiafrika. Mama alisifiwa katika hotuba. Kura yake ilikuwa imeshahesabiwa kabla hajaamka.

Ndiyo maana ni vigumu kuiandika historia ya kura ya mwanamke wa Kongo kwa mtindo wa Ulaya, wenye maandamano, magereza na siku ya ushindi. Hapa haki iliandikwa katika sheria wakati kura yenyewe ilikuwa imeondolewa nguvu. Wanawake walikabidhiwa chungu kitupu. Kazi ya kukijaza ilibaki kwao, na iliwachukua zaidi ya miaka thelathini.

Sheria ya nyumbani nayo ilivuta upande mwingine. Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimtaja mume kuwa mkuu wa nyumba, na ibara yake ya 448 ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kwa kila kitendo cha kisheria kinachomfunga kutoa huduma mwenyewe. Kwa lugha nyepesi: mwanamke wa miaka 40 aliweza kumpigia kura rais bila kumwuliza mtu, lakini kusaini mkataba wa kazi kulihitaji neno la mume. Ibara hiyo iliishi karibu miaka 30, hadi iliporekebishwa Julai 2016.

Maisha hayakungoja sheria. Mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka Septemba 1990, na Gécamines yote ikaporomoka nyuma yake. Mishahara ilichelewa miezi, kisha miaka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipokea mkono wa kwaheri katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, na kambi zikajaa wanaume waliokaa mbele ya nyumba wakiwa hawana pa kwenda asubuhi. Waliolisha familia wakawa wanawake. Walilima mahindi na mihogo kando ya reli, waliuza unga na samaki wakavu sokoni, wakashuka mitoni kuosha na kuchambua mawe ya shaba na kobalti yaliyochimbwa kwa mikono. Ndani ya shimo lenyewe hawakuruhusiwa: imani iliyoenea migodini husema mwanamke akishuka, madini hukimbia. Kwa hiyo yeye huosha, hubeba, huuza kwa bei anayopangiwa. Mkuu wa nyumba kisheria alikuwa mume, lakini unga uliletwa na mke.

Kisha ikaja karte, yaani kadi ya mpiga kura.

Mwaka 2005 Tume Huru ya Uchaguzi, chini ya Padri Apollinaire Malumalu, ilianza kuwaandikisha wapiga kura nchi nzima. Sensa ya mwisho ilikuwa imefanyika 1984. Mobutu alikuwa ameangushwa, vita vilikuwa vimepita, ofisi zimeungua au zimefungwa, na vitambulisho vya Zaire havikuwa na maana tena. Serikali haikujua ina watu wangapi. Walioandikishwa walipita milioni 25, na kila mmoja aliondoka na kadi yake siku hiyohiyo.

Kadi hiyo inastahili kutazamwa kwa makini. Ni kipande cha karatasi kilichofunikwa kwa plastiki. Kina picha ya mwenyewe, uso mbele, na majina yake. Kina tarehe na mahali alipozaliwa, jina la baba yake na jina la mama yake, asili yake na anwani yake. Jina la mume halimo. Kwa mwanamke ambaye bibi yake aliandikwa katika kitabu cha kampani kama mke wa mfanyakazi fulani, na ambaye mama yake alihesabiwa kwa vitenge vya chama, hiki kilikuwa kitu kipya kabisa. Wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, wala cha ndoa, wala cha shule. Karatasi yao ya kwanza yenye muhuri wa Jamhuri ilikuwa hii.

Na kwa kuwa nchi haikuwa na kitambulisho kingine cha kumpa kila raia, kadi ya mpiga kura ikakubaliwa kuwa kitambulisho. Ndiyo inayoonyeshwa kwenye kizuizi cha barabara kati ya Lubudi na Kolwezi. Ndiyo inayotakiwa mtu akisajili laini ya simu, akipokea fedha zilizotumwa na mwanawe, akifungua akiba. Mfanyabiashara wa samaki anayesafiri na gunia lake huitunza kwenye kitambaa alimofunga pesa, kwa sababu bila karte askari atamsumbua. Wachambuzi wa mijini huona jambo hilo kuwa dosari: watu hujiandikisha ili wapate kitambulisho, si kwa kupenda demokrasia. Hukumu hiyo haina haki. Kutambuliwa na serikali kwa jina lako, bila kupitia kwa mwanamume, ndiyo nusu ya kwanza ya kupiga kura, na wanawake wa ukanda wa shaba walikuwa wamenyimwa tangu siku ya kwanza ya ukoloni.

Nusu ya pili ilifuata. Desemba 2005 katiba mpya ilipitishwa kwa kura ya maoni. Zaidi ya asilimia 80 waliikubali. Ibara yake ya 5 inasema Wakongo wa jinsia zote mbili waliotimiza miaka 18 wanaweza kuchagua na kuchaguliwa. Ibara ya 14 inaenda mbali zaidi: inaitaka serikali ihakikishe usawa wa mwanamke na mwanamume katika vyombo vya taifa, vya mkoa na vya mitaa. Tarehe 30 Julai 2006 watu walikwenda shuleni na makanisani, mahali palipogeuzwa vituo, wakapewa karatasi zenye picha za wagombea urais 33. Wanne kati yao walikuwa wanawake: Justine Kasa-Vubu, binti wa rais wa kwanza, Catherine Nzuzi wa Mbombo, Wivine N'Landu na Marie-Thérèse Nlandu. Asiyejua kusoma alitambua sura, na sheria ilimruhusu asiyejiweza kusaidiwa na mpiga kura mwenzake aliyemchagua mwenyewe. Alipomaliza, alichovya kidole kwenye wino.

Mama mwenye miaka 60 katika foleni ile alikuwa amezaliwa chini ya Wabelgiji. Mwaka 1960 alikuwa msichana mdogo katika nchi ambayo mama yake hakuwa na kura. Alipofikia umri wa kupiga kura alikuta rangi mbili. Hii ndiyo mara ya kwanza alipoingia mahali palipofichwa kwa ubao wa karatasi, peke yake, akiwa na majina mengi mbele yake na bila mtu wa kuona mkono wake umekwenda wapi. Ni dakika moja tu. Katika maisha ya mtu aliyeolewa akiwa kijana, akaishi katika nyumba ya kampani, akapita vitani na njaani, dakika ambayo hakuna anayemwamuru si jambo dogo.

Matokeo yalikuwa ya kusikitisha. Kati ya wabunge 500 waliochaguliwa 2006, wanawake walikuwa 42. Sababu mojawapo iko wazi kwenye sheria yenyewe ya uchaguzi ya Machi mwaka huo: ilivitaka vyama vizingatie usawa katika orodha zao, kisha ikaongeza kwamba orodha isiyozingatia haitakataliwa. Sheria iliyofungua mlango kwa mkono mmoja iliufunga kwa mwingine, na vyama vilielewa mara moja. Kuna pia fedha: dhamana isiyorudishwa, petroli ya kuzunguka wilaya pana, fulana na chumvi ambazo wapiga kura wamezoeshwa kungoja. Mwanamke anayeuza unga kwa kipimo hana mtaji huo. Mwaka 2011 hakukuwa na mwanamke hata mmoja kati ya wagombea urais 11. Mwaka 2018, kura zilipopigwa kwa mashine zenye kioo cha kugusa, alikuwapo mmoja, Marie-Josée Ifoku.

Marekebisho ya sheria ya Juni 2022 yalileta kitu chenye uzito kidogo: orodha yenye nusu ya wagombea wanawake husamehewa dhamana. Kufikia uchaguzi wa Desemba 2023 daftari lilikuwa na majina karibu milioni 44. Lakini kadi mpya zilichapishwa vibaya. Miezi michache baada ya kutolewa, picha na maandishi ya nyingi yalififia mpaka yakafutika. Watu walirudi kupanga foleni kutafuta nakala. Kwa mwanamke ambaye hana karatasi nyingine ya kuonyesha yeye ni nani, kadi iliyofutika ni zaidi ya kosa la mashine. Ni yeye mwenyewe aliyefutwa kwenye kizuizi cha barabara, na tume ya uchaguzi ilipaswa kulichukulia hivyo.

Juu kabisa, mambo yamebadilika kwa namna ambayo bibi wa 1960 asingeiamini. Jeanine Mabunda aliongoza Bunge la Taifa mwaka 2019 na 2020. Judith Suminwa aliteuliwa waziri mkuu Aprili 2024, mwanamke wa kwanza katika cheo hicho. Na mkoa wa Lualaba, uliozaliwa upya 2015 katika kugawanywa kwa Katanga, unaongozwa na mwanamke: Fifi Masuka, aliyekuwa naibu wa Richard Muyej, alishika nafasi ya gavana 2021 kisha akachaguliwa Mei 2022, na tena 2024. Picha zake ziko barabarani Kolwezi, mahali ambapo malori ya kobalti hupita usiku na mchana. Wasichana wa shule wanaziona kila siku, na hilo lina faida yake. Ila gavana huchaguliwa na wabunge wa mkoa, si na wananchi moja kwa moja, na katika bunge la taifa wanawake waliopatikana 2023 hawakufika hata asilimia 15.

Kura inayokosekana zaidi, hata hivyo, ni ile ya karibu na nyumbani. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inagawa mrabaha wa migodi hivi: nusu kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa mkoa, asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo, na asilimia 15 kwa komuni, sekta au uchifu ambamo mgodi upo. Wilaya ya Lubudi inagusa Fungurume, mojawapo ya hazina kubwa za shaba na kobalti duniani, na tangu mwisho wa 2018 kobalti hutozwa mrabaha wa asilimia 10. Fedha zinazorudi chini si ndogo. Ndizo zinazoweza kuchimba kisima, kumlipa mkunga, kuezeka shule, yaani mambo ambayo mwanamke huyajua kwa mgongo wake.

Mabaraza ya sekta na ya uchifu, yanayopaswa kusimamia fedha hizo, yamo katika sheria za Kongo tangu zaidi ya miaka kumi na mitano iliyopita, na wajumbe wake wanatakiwa kuchaguliwa na wananchi. Desemba 2023 tume iliendesha uchaguzi wa madiwani katika komuni za miji mikuu ya mikoa peke yake. Mwanamke wa Dilala au wa Manika, zile komuni mbili za Kolwezi, alipewa karatasi hiyo ya nne. Mwanamke wa Lubudi alipewa tatu: ya rais, ya mbunge wa taifa, ya mbunge wa mkoa. Baraza la kwao halijawahi kuchaguliwa.